Pumzi Yangu na Mechi za Saa Nane

Nimeanza kuandika haya mara nyingi nikaacha. Nikikaa kidogo miguu inaniwasha, nainuka, nafagia ua uliokwisha kufagiwa, narudi. Daktari aliniambia hali hiyo ni mabaki ya ugonjwa. Mume wangu Shabani anasema ndivyo nilivyozaliwa. Nadhani wote wawili wako sahihi. Leo nimeamua kuandika hivyo hivyo, nikiinuka na kurudi, kwa sababu najua kuna mtu mahali fulani ameambiwa amepona na bado akipanda ngazi anashika ukuta. Huyo ndiye ninayemwandikia.

Naitwa Rehema, naishi Tandika, Temeke, na kwa miaka mingi nimekuwa refa wa mpira wa miguu. Si wa mechi za kwenye televisheni. Mimi ni wa ndondo, mashindano ya mitaani yanayochezwa kwenye viwanja vya shule ambavyo majani yake yalikufa zamani ukabaki mchanga mtupu. Mwanzoni wanaume walinicheka. Walinyamaza walipoona nakimbia kuliko wao na kadi nyekundu naitoa bila kusita. Kukimbia kulikuwa kazi yangu, sifa yangu, na dawa ya hasira zangu zote.

Mwaka ule corona ilipoingia nchini nilikuwa mzima kabisa. Nataka niueleze kidogo mwaka huo, maana baadaye nilikuja kuufikiria sana. Ndani ya muda mfupi tu mtaa wetu uligeuka. Kila mlango ulikuwa na ndoo yenye koki na kipande cha sabuni kilichotiwa kwenye soksi. Mafundi cherehani waliacha sare za shule wakashona barakoa za vitenge. Msikitini watu walikwenda na miswala yao mikononi. Muuza chipsi wa kona alichora mistari ya chaki chini ili wateja wasibanane. Na kamati ya ligi yetu, watu wanaoweza kugombana mwezi mzima kuhusu rangi ya jezi, ilikutana jioni moja ikasimamisha mashindano yote. Hakuna mchezaji wetu hata mmoja aliyekuwa ameugua. Tuliambiwa kuna hatari inakuja, tukaamini, tukafanya.

Halafu hofu ikapungua kidogo kidogo. Shule zikafunguliwa, mpira ukarudi, sabuni zikaliwa na panya, ndoo zikaingizwa ndani kuhifadhia unga.

Mie niliugua kiangazi kilichofuata, wakati ambapo mtaani kwetu hakuna aliyetaka kuutaja ugonjwa kwa jina. Misibani watu walisema marehemu alipata changamoto ya kupumua, kisha wakabadilisha mazungumzo.

Kwangu ulianza na dagaa. Nilikuwa nawakaanga, mama mkwe wangu Bi Zena akaja mbio kutoka uani akiuliza kwa nini nachoma nyumba. Jikoni moshi umejaa, dagaa wameshakuwa makaa, na mimi nimesimama hapo hapo na kijiko mkononi sisikii harufu yoyote. Nilicheka. Jioni yake nikashindwa kumaliza sentensi. Nilikuwa nasema neno, navuta hewa, nasema neno jingine, kama mtu anayepanda mlima akiwa kitandani. Shabani akaenda kutafuta bajaji bila kuniuliza.

Hospitali tuliyokwenda ilikuwa imejaa hadi nje. Tulikaa kwenye mabenchi chini ya bati, jua likishuka moja kwa moja juu yetu, feni moja imening'inia haizunguki. Nimesikia watu wengi wakisimulia sindano na dripu. Mimi kilichonitesa kuliko vyote ni lile benchi. Huwezi kulala, huwezi kusimama, na mwili wote unakuambia kimbia, toka hapa, wakati pumzi ya kukufikisha mlangoni huna. Mama mmoja nisiyemjua, aliyemleta mumewe, alilowesha ncha ya kanga yake kwa maji ya chupa akaniwekea shingoni. Hakuniuliza jina. Nilipoitwa ndani alikuwa bado analowesha ile kanga, safari hii kwa ajili ya mwingine.

Wodini niliwekewa oksijeni. Nilijifunza kuuangalia mshale wa mtungi kama nilivyokuwa nikiangalia saa dakika za mwisho za mechi. Mshale ukishuka, wodi nzima inanyamaza. Nesi mmoja mnene mwenye sauti nzito alinigeuza nilale kifudifudi, akazifunga nywele zangu kwa kipande cha bandeji zisinizibe uso, na kila akipita ananigusa kisigino kidogo, kunijulisha kwamba ameniona. Shabani hakuruhusiwa kuingia. Alisimama kwenye uzio na chupa ya uji, akanirekodia jumbe za sauti. Zilikuwa ndefu na hazina maana, habari za friji ya jirani, habari za paka. Mwishoni mwa kila mmoja alisema, "Mama Asha, usijibu. We pumua tu."

Wanawake wawili waliokuwa upande wa dirisha hawakutoka wakiwa hai. Siwezi kusema zaidi ya hapo.

Nilirudi nyumbani masika yalipoanza, na hapo ndipo nilipogundua kwamba kuruhusiwa si kupona. Nywele zilitoka kwa mafungu kila nilipochana. Kucha zilipata mistari. Mapaja yangu, yaliyokuwa magumu kama magogo, yalilegea nikayaonea aibu. Siku moja nilitoa filimbi kabatini nikapuliza, ikatoka hewa tupu kama tairi linalovuja. Binti yangu Asha alicheka, kisha akaniangalia usoni akaanza kulia.

Bi Zena alikuwa na tiba yake. Alichemsha mchaichai, majani ya mwarobaini na malimau, akanifunika na blanketi zito juu ya sufuria nijifukize. Mara ya kwanza nilivumilia. Mara ya pili nilizimia. Shabani alimfokea mama yake, jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika ndoa yetu, na Bi Zena akafunga nguo zake akaenda kwa binti yake Kimara. Akamchukua na Asha, akidai kwamba mtoto hawezi kulala nyumba moja na kikohozi kile. Nilibaki nimelala nikisikia mvua ikipiga bati, nyumba haina mtu mchana kutwa, nikiwaza kwamba nimewatenganisha mama na mwanawe kwa sababu ya mapafu. Bi Zena alirudi na Asha mvua zilipokatika, madafu kwenye kikapu, akakaa kitandani kwangu akanikata kucha. Hatukuizungumzia ile nyungu tena.

Kipupwe kizima nilihudhuria kliniki ya kifua. Huko ndiko nilikompata Sakina. Yeye anatoka katika familia ya Kishia ya Upanga, babu wa babu yake alitoka India, na wana duka Kariakoo la jezi na vikombe vya ushindi. Siku ya kwanza aliniuliza ninafanya kazi gani. Nilipomwambia, alisema kumbe vile vikombe anavyouza huwa vinakwenda kwa watu wa kweli. Baba yake alifariki katika wimbi lile lile lililonipiga mimi. Yeye alibaki na kikohozi kikavu na hasira ambayo haikuwa na pa kwenda. Tulielewana mara moja. Tulizunguka jengo la kliniki pole pole tukisubiri kuitwa, kwa sababu na yeye benchi lilimshinda.

Ni Sakina aliyeligundua jambo ambalo limebadilisha maisha yangu. Vuli ilipita na mvua haba, joto likaja mapema. Tukaona kwamba siku za joto kali benchi linajaa, watu wanakuja wakihema, na wengine ni wale tuliokuwa tumeagana nao wakisema hawatarudi. Mtaalamu wa mazoezi ya kupumua alituambia tuje asubuhi mapema, na jua likiwa kali tusifanye mazoezi kabisa. Kwetu kwenye nyumba ya bati chumba kilikuwa kinawaka hadi usiku. Nilikuwa nalala sakafuni.

Siku moja tumesimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta, Sakina alisema, "Shoga, baba alipofariki vijana wa msikitini kwetu walikuwa wanapeleka mitungi ya oksijeni nyumba hadi nyumba. Walijipanga kwa siku chache tu. Sasa hili joto linaturudisha hapa kila likipanda, na hakuna aliyejipanga. Unajua kwa nini? Haliji na jina. Mtu akifa kwa joto watasema presha."

Nilimjibu kwamba joto la Dar limekuwepo tangu tumezaliwa. Aliniuliza kama nilipokuwa mtoto nilikuwa nalala sakafuni. Nilikumbuka mikwaju na miembe iliyozunguka uwanja wetu wa shule, tulivyokuwa tunajibanza chini yake wakati wa mapumziko. Yote ilikatwa, mmoja baada ya mwingine, kupisha vibanda na kwa ajili ya mkaa.

Nilirudi uwanjani kiangazi hicho, si kama refa bali kama kamisaa, yule anayekaa pembeni na kusimamia mechi iende vizuri. Nilifurahi kupita kiasi. Shabani hakufurahi. Yeye ni fundi viyoyozi, anapanda mapaa ya Msasani akifunga mashine kwenye nyumba za watu wenye nafasi, na kiangazi simu yake haikatiki. Alikuwa akinitania kwamba joto ndilo linalotulisha. Lakini siku ile alinishika mkono akasema nikijisikia vibaya nimpigie hata kama yuko juu ya paa.

Mechi zetu huanza saa nane mchana. Zimeanza hivyo tangu zamani, ili zipigwe mbili kabla ya magharibi. Mchanga ulikuwa unawaka kupitia soli za viatu. Kipindi cha pili nilimwona kiungo wa timu moja, Hamisi, dereva wa bodaboda ambaye nilikuwa nimemchezesha miaka mingi, anakimbia kwa namna isiyo yake. Alikuwa ameacha kutoka jasho. Alimpa pasi mchezaji wa timu pinzani, akatabasamu kama aliyefanya jambo zuri. Naijua ile sura. Niliiona kwenye kioo cha simu yangu wodini. Nilisimama nikamwashiria refa asimamishe mpira. Mwenyekiti wa ligi, Mzee Ngoda, aliniambia niache, watu wanataka bao. Nikaingia uwanjani mwenyewe. Kabla sijafika katikati Hamisi alikuwa ameshaanguka.

Tulimbeba hadi kwenye kivuli pekee kilichokuwepo, cha ukuta wa choo cha shule. Nilimvua jezi, nikapiga kelele waletwe maji. Hakukuwa na maji. Uwanja mzima, mamia ya watu, na hakuna ndoo. Muuza juisi alimwaga barafu yake yote juu ya kifua cha Hamisi. Bajaji ilipoondoka naye mkewe alikuwa ameshafika, amebeba mtoto mgongoni, anaulizia viatu vya mumewe. Alirudia swali hilo hilo mpaka nikavitafuta nikampa.

Hamisi hakufa. Alikaa hospitali muda mrefu, figo zikasumbua, na mpira ameuacha. Siku nilipokwenda kumwona nilimkuta kwenye benchi, anasubiri kipimo, goti linacheza juu chini. Nikakaa naye.

Kamati ilikutana baada ya mechi kadhaa kuchezwa kama kawaida. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kugombana. Nilisema mechi zihamishiwe asubuhi au jioni, kuwe na maji kila upande, mapumziko ya kunywa kila kipindi, na tupande miti tena kuzunguka uwanja. Mzee Ngoda alinisikiliza kwa heshima. Si mtu mbaya, ligi ile ameijenga kwa nguvu zake. Alisema alihudhuria semina ya mabadiliko ya tabianchi, wakaambiwa moshi unaoharibu hali ya hewa unatoka kwa mataifa yenye viwanda vikubwa. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, "Sasa Rehema, joto la dunia sie wa Tandika ndiyo tutalizuia?"

Nilikuwa nimesimama, kama kawaida yangu. Nikamwambia, "Umri wako nauheshimu, mzee. Lakini hata corona hatukuileta sie. Ndoo tuliweka. Mwaka ule tulisimamisha ligi nzima na hakuna aliyeumwa hata mmoja. Leo mtu kaanguka mbele ya macho yetu, ndiyo tunasubiri nini?"

Walianza kunong'onezana. Kifua kilinibana nikalazimika kutoka nje, na nilikuwa na hakika nimeshindwa. Nilipokuwa nimeinama nimeshika magoti, katibu alitoka akaniambia wamekubali maji na mapumziko. Saa watajaribu kuibadilisha. Miti nitafute mwenyewe.

Sitaki kudanganya kwamba mambo yalinyooka. Sakina alitoa vikombe bure kwa sharti kwamba kila timu ipande miche na kuilinda. Mingi ililiwa na mbuzi, tukapanda tena, tukaizungushia matairi na miiba. Shabani alifunga turubai la kivuli pembeni ya uwanja. Hakunieleza kilichombadilisha. Baadaye Bi Zena ndiye aliyenitobolea siri, kwamba mwanawe alipata kizunguzungu juu ya paa Msasani, mashine za nyumba nzima zikimpulizia hewa ya moto, akashikilia bomba asianguke. Majirani walizitoa zile ndoo zenye koki wakazisugua, zikajazwa maji ya kunywa. Lakini mvua zikinyesha watu walisahau. Kipupwe wengine walisema mama refa anakuza mambo. Nimeligundua hili kwa magonjwa yote mawili, wangu na ule wa joto: watu wana moyo wa ajabu wa kubadilika, ila unadumu kwa urefu wa hofu yao. Ndiyo maana siwezi kutulia. Lazima mtu mmoja aendelee kusumbua wakati wa ubaridi.

Kiangazi kilichopita ilikuwa fainali. Mgeni rasmi alikuwa na ratiba yake, anaweza saa nane tu, na kamati ikarudisha saa nane. Nilikwenda kwa Mzee Ngoda nikaongea hadi sauti ikakauka. Akasema ni siku moja tu.

Siku hiyo timu zote mbili zilivaa, zikatoka darasani zilikokuwa zinabadilishia nguo, zikafika kwenye mstari, zikakaa chini ya turubai. Sikuwa nimewaambia. Nahodha mmoja alikuwa amempakia Hamisi kwenye pikipiki, akamketisha katikati yao. Refa alipuliza, hawakuinuka. Nahodha akamwambia refa kwamba watacheza jua likipungua, na kwamba hawana ugomvi na mtu. Watazamaji walizomea kidogo, kisha wakaanza kusogea vivulini. Mgeni rasmi alikaa kwenye kiti chake cha plastiki juani, koti limelowa mgongoni, mpaka Mzee Ngoda mwenyewe akaenda kumhamisha na kumpa maji.

Mechi ilianza karibu saa kumi na nusu. Ilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba ilikwenda sare, ikaongezwa muda, bado sare, na adhana ya magharibi ikalia kabla ya penalti. Giza likaingia, uwanja hauna taa. Watu walinigeukia mie kama niliyeliita giza. Mgeni rasmi alikuwa ameshaondoka. Mzee Ngoda alitangaza kwa uchovu kwamba penalti zitapigwa kesho saa moja asubuhi, na akaongeza kwamba anajua hakuna atakayekuja.

Nilifika mapema, nikitembea, bila kusimama njiani. Hewa ilikuwa ya baridi na mchanga umelowa umande. Nilidhani nitakuta wachezaji tu. Niliwakuta akina mama na chupa za chai, wazee na vigoda vyao, watoto wenye sare wakielekea shule wamejipanga nyuma ya goli. Mkewe Hamisi alikuwa anauza vitumbua. Shabani alichelewesha kazi yake ya Msasani akaja na Asha, na Bi Zena akaja akilalamika kwamba amekatishwa usingizi. Walikuwa wengi kuliko jana.

Mzee Ngoda alikuja kusimama karibu nami na kikombe cha chai. Aliwatazama watu wale, kisha akauliza mashindano yajayo yanaanza mwezi gani. Nikamwambia. Akasema basi asubuhi tungeweza kupiga mechi mbili.

Kipa alipangusa mikono, mpigaji akarudi nyuma. Hakuna aliyeanguka asubuhi ile.